Ulikuwa Wapi Saa za Kazi

Chumba chetu hakina dirisha. Waliojenga wanasema jua linasumbua skrini. Mimi nasema walisahau tu, maana hata mlango waliuweka nyuma ya nguzo. Ndani kuna meza tano, viti vya kuzunguka vilivyochoka migongo, zulia la kijivu linalomeza nyayo, na feni inayojisemesha peke yake. Ukiingia mara ya kwanza utadhani ni mahali watu wanakuja kusinzia. Halafu unavaa hedifoni, na chumba kinayeyuka kama sukari kwenye chai.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu nyumba yake inaungua, au mwenzake ameanguka hapumui, anapiga namba ya dharura, na anayeitika ni mimi. Namuuliza yuko wapi. Natuma zimamoto au gari la wagonjwa. Halafu sikati. Nabaki naye, namwambia fanya hivi, usifanye vile, shika hapo, fungua mlango. Gari likifika laini inakufa, basi. Anayefuata.

Sasa kwetu kuna namna ya kusema. Mtu akivua hedifoni hatumuulizi umepokea simu gani. Tunamuuliza umetoka wapi. Naye anajibu kama aliyetoka huko kweli: nimetoka darini kwa watu, moshi kibao. Nimetoka mtaroni. Nimetoka chini ya kitanda, kuna mtoto kajificha hataki kuonekana. Na sio utani. Kuna siku jamaa yetu mmoja tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki, alitoka kwenye gari lililotumbukia bwawani. Akasimama, akavua hedifoni, akakung'uta mikono ya shati. Shati lilikuwa kavu. Alilikung'uta hivyo hivyo na hakuna aliyecheka.

Ndiyo maana mji ninaoujua mimi hauna barabara. Ni vyumba tu, vimeshikana. Unatoka jikoni kwa mama fulani, unafungua mlango, uko kwenye ghala la mbao. Ukipita mbao uko ngazini, jengo ambalo lifti yake imekufa, na juu kabisa kuna mtu anahema. Nikitembea mjini kwa miguu napotea kama mgeni. Nikifumba macho nafika kila mahali.

Aliyenileta humu ni mama mdogo. Ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea. Shule tuliachana mapema, mimi na shule, hatukupendana. Nikapakia mizigo, nikaosha magari, nikafukuzwa huku na kule kwa sababu ya mdomo. Ndiyo maana naitwa Pilipili. Mama mdogo akasema, mdomo wako ni ugonjwa, tujaribu masikio. Wakati ule walikuwa wanachukua yeyote anayechapa haraka na halii ovyo. Nikapewa kiti cha pembeni yake, na masikio kumbe yalikuwa mazima.

Aliyeharibika ni yeye.

Kuna mwanamke alipiga simu, mama mdogo akaitika, na yule mwanamke hakusema yuko wapi. Aliuliza tu, leo ni siku gani. Taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Mama mdogo akamwambia, Jumanne. Yule akasema, ahaa, basi. Laini ikabaki wazi, haina mtu ndani. Walimtafuta, hawakumpata. Tangu hapo mama mdogo anajibu. Anamimina chai, katikati ya kumimina anasema Jumanne. Muuza duka anamuuliza mfuko mkubwa au mdogo, anasema Jumanne. Halali. Anakaa ukingoni mwa kitanda, kiganja kimefunika sikio la kushoto, kama anazuia mlango usifunguke.

Daktari alisema apumzishwe kazi, muda wa kutosha, na apate mtu wa kuzungumza naye. Mama mdogo akaenda kwa mkuu wa zamu. Huyo tunamwita Kengele, kwa sauti yake. Kengele si mtu mbaya, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mapumziko ya namna hiyo yapo," akamwambia. "Lakini ni ya waokoaji. Zimamoto wanayo, watu wa gari la wagonjwa wanayo. Wewe, dada yangu, kwenye madaraja ya kazi ni karani."

"Karani," mama mdogo akasema, kama anaonja kitu.

"Kundi moja na wapokezi na wachapaji. Karani akichoka anachukua likizo yake ya mwaka. Na yako umeshaila."

Habari haikukaa. Zimamoto wakipita kwenye korido wakawa wanachungulia. "Karani, nitolee kopi mbili." Redio anawajibu, "Nenda kwanza ukazime jiko la mkeo, linanuka mpaka huku." Ilikuwa mzaha, lakini ulikuwa na mfupa ndani.

Tukalalamika, wote, mpaka juu. Juu wakasema watamtuma mtu wa madaraja aje atazame kama sisi ni makarani au ni waokoaji. Dereva wa gari la wagonjwa aliposikia akauliza, "Mtu wa madaraja? Kwani hapa mto uko wapi?" Jina likaganda. Mtu akawa Bwana Daraja kabla hatujamtia machoni.

Mimi nilishangilia kuliko wote, mpaka Redio aliponivuta kwenye mashine ya maji.

"Pilipili, umefikiria lakini? Mwokoaji lazima awe na cheti cha kumaliza shule. Karani wa zamani hahitaji. Wewe unacho?"

"Unajua sina."

"Basi daraja likipanda, wenzako tunavuka, wewe unabaki mtoni."

Nikanywa maji yangu. Nikanywa na yake. Yalikuwa ya baridi, yakashuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

* * *

Asubuhi ya siku aliyokuja Bwana Daraja, nilimkuta mama mdogo jikoni amesimama mbele ya birika lililokwisha kuchemka. Mvuke ulikuwa umemzunguka mpaka kiunoni, akawa kama mtu anayesimama kwenye wingu, amesahau alitumwa nini duniani.

"Hujalala," nikamwambia.

"Nimelala."

"Umelala na viatu?"

Akaitazama miguu yake kama ya jirani. "Kaa unywe chai. Na unisikilize. Huyo mtu akikuuliza, mwambie sisi ni makarani. Tunakaa kwenye viti, tunaandika, tunaita gari. Mwisho."

"Nani kakuambia habari za cheti? Redio?"

"Redio anasikika nchi nzima."

"Na wewe je? Ukikaa kwenye kile kiti mwaka mwingine utakuwa wapi?"

"Mimi nitazoea."

"Hujazoea mpaka leo utazoea lini, mama mdogo? Unawaka mchana na usiku kama taa ya choo cha stendi."

Alicheka. Nilifurahi kidogo, maana alikuwa hajacheka siku nyingi. Halafu akanishika shavu, kwa nguvu, karibu kunifinya. "Ulishafukuzwa mara ngapi wewe? Hapa ndipo ulipotulia. Sikukulea ili nikutoe barabarani nikurudishe barabarani. Sema karani."

"Sawa."

"Sema nisikie."

"Karani."

"Jumanne," akasema, akageuka kuzima jiko.

Nilienda kazini nimelishika lile neno mdomoni kama peremende. Karani. Karani. Nia yangu ilikuwa kulisema, niwe mkweli. Sipendi kubaki mtoni, hakuna anayependa.

Bwana Daraja alikuwa mtu mrefu, mabega yameinama mbele kama mlango uliolegea bawaba, shati limepigwa pasi vizuri, macho ya mtu asiyetaka ugomvi. Alikaa ofisini kwa Kengele akawa anatuita mmoja mmoja. Mama mdogo yeye aliachwa mwisho, alikuwa kwenye simu.

Nikaingia, nikakaa. Akaniuliza jina, nikamtajia. Akaniuliza nina muda gani kazini, nikamtajia. Maswali laini, sauti laini, feni ya Kengele inazunguka polepole, nikaanza kuelea. Simu ya mwisho ya jana ilikuwa bado imenikaa begani.

"Jana baada ya chakula cha mchana ulikuwa wapi?" akauliza.

"Bafuni," nikasema.

Akainua macho. "Muda wote?"

"Muda mrefu. Mzee alikuwa ameanguka ndani, ameulalia mlango, hausukumiki. Tukaingilia dirishani."

"Dirishani."

"Dogo lile, la juu. Binti yake ndiye aliyepita, mimi nikawa namwambia aweke mguu kwenye sinki. Sabuni ilikuwa chini, akateleza kidogo, lakini tukafika."

Akaandika. Alipomaliza akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima anayedanganya vibaya. "Asante. Mwite mwenzako."

Nilipotoka ndio neno karani likanikumbuka. Lilikuwa bado liko mdomoni, zima, halijalambwa.

Redio akaingia. Ameulizwa ulikuwa wapi, akajibu darini. Mwingine akajibu mtaroni, mpaka magotini. Tulikuwa tumezoea, ndivyo tunavyosema, hakuna aliyefikiri kwamba maneno yale yana maana nyingine nje ya mlango wetu. Tukashtukia sauti ya Kengele inapasua korido.

"Wote. Hapa. Sasa hivi."

Tukajipanga ofisini kwake, isipokuwa wawili waliobaki kwenye simu. Mama mdogo naye alikuwa amemaliza, akasimama nyuma yangu. Kengele alikuwa mwekundu wa macho.

"Mgeni wetu ananiambia wafanyakazi wangu hawakai kazini," akasema. "Mmoja anashinda bafuni. Mmoja yuko darini. Mwingine anaogelea mtaroni saa za kazi. Nyinyi mna akili timamu?"

Bwana Daraja akainua kiganja, mpole. "Mimi sikuja kumfukuzisha mtu. Nina swali moja tu kwenye mwongozo wangu. Mwokoaji ni yule ambaye kazi inamfikisha kwenye tukio. Asiyefika ni mtu wa ofisini. Nilidhani kwa watu wa simu jibu ni rahisi, mko ofisini. Sasa naambiwa hata ofisini hamko. Niandike nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Kila mtu alinyamaza. Lakini nilisikia pumzi ya mama mdogo nyuma ya shingo yangu, fupi fupi, pumzi ya mtu anayepanda ngazi huku amesimama.

"Mzee, hujaelewa," nikasema. "Na ukikaa humu kwa Kengele hutaelewa mpaka kesho."

"Kwa nani?" akasema Kengele.

"Msamehe, huyu mtoto hana breki," mama mdogo akasema haraka. "Alizaliwa hivyo, tulimpeleka kliniki."

Bwana Daraja akaficha tabasamu kwenye kola. "Basi nikae wapi?"

"Pembeni yangu. Kuna hedifoni ya pili, ya wanaojifunza. Usiseme kitu, sikiliza tu."

Wakati tunarudi chumbani mama mdogo alinifinya mkono. Hakusema kwa sauti. Midomo tu: karani. Nikaitikia kwa kichwa.

Na mpango nilikuwa nao. Unajua, kazi hii ukitaka unaweza kuifanya kikarani, na hakuna atakayekulaumu. Unauliza yuko wapi. Unatuma gari. Unamwambia "gari linakuja, kaa kwenye laini", halafu unakaa kimya, unatazama saa ya ukutani. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mengine yote tunayofanya tumeyaongeza sisi.

Mwanzo ilikuwa kama nimeomba. Mtu alipiga kuuliza bomba la mtaani kwao litatoa maji lini. Mlevi mmoja alitaka nimwambie kama mkewe bado amekasirika. Redio akamnong'oneza mgeni, "Karibu ukarani." Bwana Daraja alianza kulegea kwenye kiti, feni ikawa inajisemesha, mchana ukawa mzito, ule mchana wa chumba kisicho na dirisha ambao hauna saa, unaelea tu. Nikajiona nimeshapona. Nikajiona nimezeekea pale.

Halafu ikaingia sauti ya mwanamume. "Ameanguka. Mwenzangu ameanguka."

"Uko wapi?"

Akataja mtaa, akataja duka la vitambaa, yeye ni fundi cherehani, wako nyuma ya duka. Vidole vyangu viliandika, gari likatoka. Ilikuwa imebaki kunyamaza.

"Anapumua?" nikauliza.

Wanaosema mtu huchagua hawajawahi kushikwa sikio namna ile.

"Anakoroma. Hapana. Amenyamaza."

"Mlaze chali sakafuni. Simu iweke chini karibu na kichwa chake, weka sauti ya nje. Nipo hapo na wewe. Piga magoti."

Nikasikia nguo zinasogezwa, mkasi umeanguka, kiti kimesukumwa. Kuta za chumba chetu zikaondoka bila kelele, kama kawaida. Mahali pake pakawa pafupi, pa joto, taa moja inaning'inia, marobota mpaka darini, harufu ya mafuta ya mashine.

"Kiganja katikati ya kifua. Cha pili juu yake. Nyoosha mikono. Bonyeza chini kwa nguvu, achia, bonyeza."

"Nitamvunja."

"Usiogope kumvunja. Bonyeza."

"Haraka vipi?"

"Cherehani yako ni ya mguu?"

"Ya mguu."

"Ukipiga mshono mrefu wa pazia, mguu unakwendaje?"

Nikamsikia anaanza. Ta, ta, ta, ta. Nikaenda naye. Tulikwenda kama watu wawili kwenye mashine moja, pazia refu lisilo na mwisho linapita katikati yetu, linashuka, linajaza sakafu, linatoka mlangoni, linaingia kwenye vyumba vyangu vyote, kwa yule mzee wa bafuni, kwenye mbao, kwenye ngazi.

"Nimechoka," fundi akasema.

"Hujachoka. Bado mita chache. Yeye anaitwaje kwako?"

"Ni rafiki yangu. Ni fundi mwenzangu. Ananidai suruali."

"Basi mshonee. Twende. Ta, ta, ta."

"Mikono haipo."

"Yangu ipo. Twende."

Sijui ni muda gani. Huko hakuna muda. Kisha zikaja buti, nyingi, mtu akasema "tuachie, tuachie hapo", simu ikapigwa teke, nikasikia fundi analia mbali, kama analilia chini ya maji. Halafu laini ikafa.

Chumba kikarudi. Zulia, feni. Nikavua hedifoni. Redio kutoka meza ya pili, bila hata kugeuka, akauliza kama tunavyouliza siku zote:

"Umetoka wapi?"

"Kwa fundi," akajibu Bwana Daraja.

Hakuwa ameulizwa yeye. Tukamtazama wote. Mikono yake ilikuwa imenyooka kwenye ukingo wa meza, kiganja juu ya kiganja, na kola ile ya pasi imelowa.

"Nyuma ya duka," akaendelea, polepole. "Kuna kitambaa cha bluu kimeanguka, nusu yake iko chini ya yule bwana. Nilitaka kukivuta, nikaona nitamsumbua fundi."

"Mimi nilikiona cha kijani," nikasema.

"Alisema ni cha kijani?"

"Hakutaja kitambaa kabisa, mzee."

Akaitoa mikono mezani, mmoja mmoja, kama si yake. "Yule bwana amepona?"

"Hatujui," akasema Redio.

"Mnapiga kuuliza saa ngapi?"

"Hatuulizi. Hairuhusiwi. Laini ikikatwa imekatwa."

"Kwa hiyo mnatokaje?"

Redio, ambaye hazimiki, alizimika. Wengine walishika mashine zao. Bwana Daraja akazungusha kiti chake mpaka akaelekea kona, alikokuwa mama mdogo, ambaye muda wote huo alikuwa ametutazama, kiganja kwenye sikio.

"Na wewe, mama? Umetoka wapi?"

Mama mdogo alinitazama mimi kwanza. Nilijua anatafuta lile neno, alitaka kunisemea, nilimwona analiweka mdomoni. Akafungua.

"Mimi sijatoka," akasema.

Aliishusha mikono, akaiweka mapajani, na sura yake ikawa ya mtu aliyesimama chumba cha watu, katikati, anasubiri wenye nyumba warudi.

* * *

Bwana Daraja alinifuata nje jioni, nilikuwa nimeegemea ukuta wa maegesho ya zimamoto.

"Nimeelezwa habari yako ya cheti," akasema.

"Redio?"

"Sikumshika jina. Unajua nikiandika nilichokiona, wewe inakuwaje?"

"Najua."

"Mwongozo sikuutunga mimi. Siwezi kuandika waokoaji halafu niandike isipokuwa kijana mmoja."

"Kwani mimi nimekuomba?"

"Nakuuliza kama mtu. Niandike?"

Nilitaka kumwambia kitu kikubwa. Hakikuja. Nilimwambia ukweli, kwamba asubuhi nilikuwa nimejipanga kusema karani, na ningesema, ila hakuna mahali neno lile lingeingia. "Wewe ulikuwepo," nikamwambia. "Andika ulikokuwa."

Aliniaga kwa mkono. Kiganja chake kilikuwa bado kinabonyeza kidogo, mapigo yale yale ya mguu wa cherehani.

Uamuzi ulipokuja, Kengele alitusomea kwa sauti yake yote, na kwa mara ya kwanza ilifaa. Kundi la huduma za dharura. Waokoaji. Zimamoto walikuja mlangoni wakapiga makofi, mmoja akauliza basi kopi zetu atatoa nani. Mama mdogo akapewa mapumziko yake na mtu wa kuzungumza naye. Mimi nikapewa mkono, na maneno mazuri, kwamba kiti kipo siku nikirudi na cheti. Kuna madarasa ya watu wazima, Kengele alisema. Niliwahi kupita pale nikachungulia. Wazee wenzangu watarajiwa wanakaa kwenye vidawati magoti yanagusa kidevu. Nitaona.

Mama mdogo hakunisemesha siku nzima. Kesho yake akanisemesha, ikawa afadhali angenyamaza.

"Nilikuambia useme nini?"

"Nilisahau."

"Hukusahau. Ulikuwa na neno moja tu la kusema, moja, mtu mzima na ndevu zako."

"Na wewe ulikuwa nalo. Mbona hukulisema?"

Akanirushia kitambaa cha vyombo. Kilinipata usoni. Tukakaa hivyo, yeye upande wake wa jikoni, mimi wangu, maji ya bomba yanadondoka.

"Ungebaki," akasema baadaye.

"Ningebaki. Wewe ungebaki pia."

Siku hizi mchana natembea. Mji una barabara kumbe. Watu wana nyuso, na nyuso hazifanani na sauti, mtu mwenye sauti ya jitu unamwona ana shingo ya kuku. Naulizia njia kama mgeni. Nilipita mtaa wa maduka ya vitambaa, nikasimama. Kila duka lina nyuma yake. Nilisikia cherehani zaidi ya moja zinakwenda. Sikuingia. Mtu anayeingia kuuliza lazima awe tayari kwa majibu yote mawili, na mimi nilikuwa tayari kwa moja.

Leo nimerudi nyumbani jua liko juu. Mlango wa chumba cha mama mdogo ulikuwa wazi. Amelala ubavu, mdomo wazi, mkono uliokuwa ukikaa sikioni umeanguka nje ya kitanda, vidole vimelegea kabisa. Anakoroma kama jenereta bovu. Nilikaa kizingitini, kazi nyingine sina. Pazia linaingia ndani, linatoka, linaingia. Midomo yake imecheza mara moja tu. Nikasubiri aseme siku. Hakusema kitu, akameza mate, akaendelea.

Jirani amekuja kugonga geti, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Nimetoka mbio, nikamwekea kidole mdomoni.

"Kuna msiba?" ameninong'oneza.

"Mama mdogo amelala."

"Mchana huu?"

"Mchana huu."

Amemtazama kwa mbali, kupitia mlangoni, muda mrefu. Halafu amevua ndala zake, akazishika mkononi, akaondoka peku peku juu ya kokoto za moto, bila kusema alikuwa amefuata nini.